Baka jekundu kwenye kope: kwa mnaoanza kliniki ya macho

Mliopangiwa kliniki ya macho hapa Dodoma mmekuja mmejiandaa kwa vikope na mtoto wa jicho. Sawa, wagonjwa hao kutoka Kongwa watakuja. Ila siku moja mama atafunua khanga, na kichanga wa miezi 2 atakuwa na kitu chekundu kama nyanya kwenye kope ya juu.

Hiyo ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu. Si saratani. Mara nyingi siku ya kuzaliwa haionekani; huchomoza wiki za mwanzo, hukua mbio hadi karibu mwezi wa 5, kisha hunywea taratibu kwa miaka. Mtoto akilia, inajaa na kukoza rangi.

Kunywea huko ndiko kuliniponza. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mama mmoja kutoka Mpwapwa, “Itaisha yenyewe, usihangaike na nauli.” Alirudi mtoto ana miaka 4. Uvimbe kweli ulikuwa umekwisha, imebaki ngozi iliyolegea. Nikaliziba lile jicho kwa kiganja: katulia, anatafuna biskuti yake. Nikaziba la pili, lisilowahi kuugua: akalia na kuusukuma mkono wangu. Jicho lilikuwa limeshakuwa vivu, yaani ubongo haulitumii. Kope ililifunika miezi ileile ubongo unapojifunza kuona. Miwani na kuziba lile jicho lisilougua vilisaidia kiasi, si sana.

Kwa hiyo pimeni jicho, uvimbe baadaye. Hata mboni ikiwa wazi, uzito wa kope hukipinda kioo cha mbele cha jicho, na mama hawezi kujua. Tieni matone ya kutanua mboni, mpime miwani.

Dawa ipo: propranololo, ileile ya presha. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliigundua kazi hii kwa bahati, wakaiandika mwaka 2008. Usiianze peke yako. Daktari wa watoto asikilize moyo na kifua kwanza. Na mama aambiwe, arudie kwa mdomo wake mwenyewe: mtoto asiponyonya au akitapika, dozi hiyo isitolewe, sukari itashuka.

Watu wazima wana uvimbe wao wa mishipa nyuma ya jicho; jicho hutokeza polepole bila maumivu. Wale wana muda wa kusubiri kipimo cha CT.

Ila mtoto ambaye jicho limetokeza ndani ya wiki moja, au mboni inayometa nyeupe kwenye tochi, msiandike hemanjioma kwenye faili lake. Huyo anaondoka na rufaa mkononi siku hiyohiyo.