Kwa Mnaokuja Field: Msimdharau Kasuku Mdogo

Vijana wa mifugo mnafika hapa kwenye duka letu la dawa za mifugo mkiwa mmeiva kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Si haba, ndiyo kazi inayotulisha. Lakini kila msimu wa field naona jambo lile lile: akiletwa mbuzi wote mnasogea, akiletwa kasuku mdogo ndani ya boksi la viatu mnatazamana na kucheka. Mmoja wenu aliwahi kumwambia mteja, "Mama, haka si ununue kengine tu?" Yule mama alifunika boksi lake, akaaga kwa heshima zote, na hatujamwona tena.

Wanaoletwa kwetu ni wa aina tatu. Baji, asili yake Australia, ana uzito wa gramu 30 hadi 40. Kokateli, yule mwenye kishungi, naye ni wa Australia, na huwa karibu gramu 80 hadi 100. Wa tatu ni cherero, ambao mtaani mnawaita lavbedi, wa gramu 40 hadi 60. Wateja wengi wa Shangani na Ligula hapa Mtwara huamini cherero ni ndege wa Ulaya kwa sababu wamemnunua Dar akiwa ndani ya tundu la rangi. Cherero wa Fischer ni Mtanzania: kwao ni Serengeti na maeneo ya kusini mwa Ziwa Victoria. Yule wa shingo njano ni wa nyanda zetu za kati, Dodoma na Singida. Walikamatwa porini kwa wingi na kuuzwa nje kwa miaka mingi. Kwa hiyo mnapomcheka, mnamcheka mwenyeji.

Sasa tuingie kazini. Damu ya ndege ni takribani asilimia 10 ya uzito wake. Baji wa gramu 35 ana mililita tatu na nusu hivi za damu, na kijiko cha chai kinabeba mililita 5. Ndege mzima, damu yake yote haijazi kijiko. Ndiyo maana unyoya mchanga wenye damu ukikatika kwenye bawa, yale matone machache kwenye gazeti si ya kupuuza. Bonyeza pale pale kwa pamba na wanga au unga wa ngano, bila papara, mpaka damu ikate. Mambo ya kumjaza maswali mwenye ndege yatafuata baadaye.

Namna ya kumshika. Kuku mnamkwapua mabawa na anavumilia. Ndege hana kile kiwambo tunachotumia sisi kupumua. Anavuta hewa kwa kupandisha na kushusha kidari. Ukimbana kifua, umemziba pumzi hata kama pua na mdomo viko wazi. Kwa mwili mdogo hivi ni suala la muda mfupi sana. Chukua taulo dogo, kichwa kikae kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ulale kwenye kiganja, na kifua kiachwe huru kabisa. Akianza kutweta mdomo wazi, mrudishe tunduni. Uchunguzi unaweza kusubiri, pumzi haisubiri.

Na kabla ya kumgusa, mtazame. Kaa mbali kidogo, zungumza na mwenyewe mambo ya kawaida, jicho likiwa tunduni. Kasuku porini ni windo. Anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo anaficha ugonjwa mpaka nguvu zinapoisha. Mwenye ndege atakwambia, "Dokta, kameanza leo asubuhi." Msimbishie, anasema alichokiona. Ila ninyi mjue kwamba huenda ni wiki nzima. Angalia kama amejifutua manyoya, kama mkia unapiga juu na chini kila anapopumua, kama amekaa sakafuni badala ya kijitini, kama analala kwa miguu yote miwili wakati wenzake wanakunja mmoja. Omba kuona karatasi ya chini ya tundu. Kinyesi kizima kina sehemu tatu: kigumu cha kijani au kahawia, cheupe, na maji kidogo. Vikibadilika rangi au vikipungua idadi, ndege amekwambia kitu.

Kisha mizani. Hili nalirudia mpaka mnachoka. Manyoya yanaficha ukondefu vizuri kuliko nguo pana, kwa hiyo macho hayatoshi. Baji wa gramu 35 akipoteza gramu tatu na nusu amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na kwa macho hakuna atakayegundua. Mnapapasa mfupa wa kidari kuona kama umechomoza, halafu mnapima kwa gramu na kuandika. Mteja mwenye ndege wa kudumu mshaurini anunue mizani ndogo ya jikoni ya dijitali, apime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ndege hajala.

Dawa ndipo penye shida kubwa zaidi. Mteja anakuja akiwa tayari amenunua pakiti ya antibiotiki ya kuku mahali pengine, imeandikwa kijiko kimoja kwa lita kadhaa za maji. Anapunguza kwa kukisia, anaweka kidogo kwenye kikombe cha ndege. Baji ni ndege wa nchi kame, kwa kawaida anakunywa kidogo sana. Maji yakibadilika rangi na ladha anayaacha kabisa, na sasa mgonjwa ana kiu juu ya ugonjwa wake. Hata akinywa, hakuna anayejua ameingiza kiasi gani. Dozi ya ndege huyu inapigwa kwa uzito, inaandikwa na daktari wa mifugo, inatolewa tone kwa tone pembeni mwa mdomo. Msimmiminie katikati: tundu la kuvutia hewa liko pale nyuma ya ulimi, na tone likipotea njia linaingia kwenye mapafu. Kama dawa ni ya jamii ya tetrasaiklini, mwambieni mteja atoe vyanzo vya kalisi (kalsiamu) tunduni kwa siku hizo, maana vitu hivyo viwili hushikana na dawa haifiki inapotakiwa.

Kalisi yenyewe sisi wa pwani tunaikanyaga bure. Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa jamii ya ngisi, unaotupwa na mawimbi Msimbati au Mikindani ndio huo huo unaouzwa mijini umefungwa kwenye plastiki. Okoteni usio na madoa, uloweke kwenye maji baridi siku kadhaa mkibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke, uanike juani mpaka ukauke kabisa, kisha ufungwe tunduni kwa waya safi. Jike asiyepata kalisi yai humkwama. Akija jike amejikunja chini, tumbo limejaa, anasukuma bila mafanikio, msikamue. Joto, unyevu, giza, na simu kwa daktari.

Chakula kingine sasa. Karibu kila kasuku anayeletwa hapa amelelewa kwa uwele na alizeti, basi. Wenyewe wanaona anakula sana, kumbe anamenya tu anachokipenda. Mbegu tupu hazina vitamini A ya kutosha, na upungufu wake huonekana puani na mdomoni: ute, uvimbe, utando mweupe. Watu wanadai mafua, wananunua dawa ya mafua. Waulizeni anakula nini kabla ya kufungua kabati. Mchicha, matembele, majani ya mlonge, karoti, boga, papai, mahindi mabichi, vyote vipo soko la Mtwara. Hata pilipili wapeni bila hofu, ndege hawasikii ukali wake. Atagoma siku za mwanzo, hilo ni kawaida. Mbegu zipunguzwe polepole huku uzito ukipimwa, asishindishwe njaa kwa kulazimishwa.

Parachichi hapana, hata kipande. Ni sumu kwa ndege. Chokoleti, kahawa, vyakula vya chumvi, hapana. Na korosho, maana hapa kwetu hakuna nyumba isiyo na korosho: punje moja iliyomenywa, isiyo na chumvi, mara chache, haimdhuru, ingawa ina mafuta mengi. Ganda lisimkaribie. Mnajua wenyewe mafuta ya ganda yanavyobabua mikono ya wabanguaji.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo mkoa mwingine hamtalifundishwa. Ndege ana mapafu na vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, anachota hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko sisi, na anachota sumu kwa ufanisi huo huo. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza waliteremka na ndege wadogo wa kupima gesi mpaka mwaka 1986, kwa sababu hiyo. Sisi tuna moshi wa maganda ya korosho pale watu wanapobangua kwa moto uani. Tuna salfa. Kuanzia Juni hivi mashine za kupulizia zinaunguruma mashambani asubuhi, kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na vumbi la njano linafuata upepo wa kusi mpaka majumbani. Ndege anayetundikwa barazani Naliendele au Nanyamba msimu huo anavuta vumbi lile kila siku. Mteja akileta ndege anayekwaruza pumzi Julai, swali la kwanza ni: jirani anapuliza? Aingizwe ndani, chumba cha upande usiopigwa na upepo, tundu lifutwe kwa kitambaa kibichi. Na jikoni asikae kabisa. Mkaa ni tatizo, lakini vikaango vile vyeusi visivyoshika chakula ni hatari zaidi: vikiachwa motoni vikapita kiasi, mvuke wake humuua ndege ndani ya dakika chache huku binadamu hajasikia hata harufu.

Tundu nalisema kwa ufupi. Liwe pana kuliko lilivyo refu, maana kasuku anaruka kwa ulalo. Waya mpya wa mabati usuguliwe kwa siki na kusuuzwa kabla ya kutumika, kwa ajili ya zinki. Vijiti viwe vya mpera wenye unene tofauti tofauti, vile vya duara vya plastiki vinamtoa vidonda nyayoni. Cherero na baji wasichanganywe. Cherero anakata vidole vya mwenzake.

Mtasikia watu wakisema wana akili za kuku. (Kuku naye anaonewa, lakini hiyo ni siku nyingine.) Baji mmoja wa California aliyeitwa Puck, aliyekufa mwaka 1994, aliingia kwenye rekodi za Guinness kwa kutamka maneno 1,728. Kubwa zaidi kwangu ni kazi ya mtafiti Karl Berg na wenzake kule Venezuela, iliyotoka mwaka 2011, kuhusu kasuku wa kijani wadogo kuliko hata cherero. Wazazi huwapa makinda wao milio ya kuwatambulisha, kila kinda na wake, mithili ya jina. Walipohamisha mayai kutoka kiota kimoja kwenda kingine, makinda walichukua milio ya waliowalea. Ndege wa namna hii ukimfungia peke yake ukutani, mbele ya televisheni inayowaka mpaka saa sita usiku, atajinyofoa manyoya. Mteja ataomba dawa ya upele. Mpimeni, mkikuta ngozi nzima, ulizeni analala saa ngapi na anaongea na nani. Apate saa 10 hadi 12 za giza na utulivu, apate mwenzake au mtu, apate kitu cha kutafuna: gunzi, kipande cha kifuu, miyaa. Kwa cherero jike miyaa msizidishe, anaichana vipande akidhani ni wakati wa kujenga, na mayai yanafuata.

Gharama. Mteja atahesabu mbele yenu kwamba matibabu yanazidi bei ya ndege. Ni kweli mara nyingi, na msimwone mbaya. Ana ada za shule. Mpeni kwanza kile kisicho na gharama: joto la chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, utulivu, chakula sahihi, kumtoa kwenye moshi. Ila bei isitoke midomoni mwenu kwanza. Kokateli akitunzwa hufika miaka 15 na kuzidi, kuna watoto wanaanza naye darasa la pili na kumaliza naye chuo.

Mawili ya tahadhari. Vumbi la kinyesi cha kasuku linaweza kubeba vijidudu vya homa ya kasuku vinavyoshambulia mapafu ya binadamu. Lowesheni kabla ya kufagia, vaeni barakoa, na mteja mwenye homa na kikohozi kikavu aende hospitali aseme wazi kwamba anafuga kasuku. La pili: akija mtu na kinda la kasuku wa porini, yule mwenye kichwa cha kahawia aliyetolewa kwenye pango la mti, huyo si mfugo. Wanyamapori wanasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumiliki bila kibali ni kosa. Mpasheni joto kama amepoa, mwelezeni aliyemleta kwa upole, kisha nipigieni ili tuwasiliane na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au ofisi ya maliasili ya wilaya. Msimnunue kwa huruma, maana wiki inayofuata atarudi na wawili.

Kwenye daftari kila ndege aandikwe kwa aina yake na gramu zake, si "kandege kamoja", na mteja apigiwe simu kesho yake. Mizani iko droo ya pili pamoja na betri za akiba. Mkimaliza irudisheni.