Mizinga mitupu Sikonge: ni ukame au ni shoka?

Ndugu yangu wa Sikonge, Tabora, umeuliza kama ukataji miti ndio uliokausha kisima chako na kufukuza nyuki. Jibu langu: nusu ndiyo.

Mvua yetu ya Novemba hadi Aprili huletwa na ukanda wa mawingu unaofuata jua, na joto la bahari, ya Hindi na hata Pasifiki iliyo mbali, huweza kuuchelewesha au kuukatiza katikati ya msimu. Hapo shoka lako halina kesi kubwa. Kesi yake iko ardhini: kilima kilichonyolewa kwa kuni za bani, banda la kukaushia tumbaku, hakinywi maji vizuri, mengi yanateremka bondeni na kisima hupata kidogo.

Nyuki nao hawafi tu, wanahama. Myombo, mti wa porini unaowalisha kwa maua yake, huchipua majani mapya kabla ya mvua kwa sababu mizizi yake iko chini sana, lakini ukame ukirudia, maua hupungua. Ukame huohuo hugusa na wengine: Mto Ugalla ukikatika, viboko husongamana kwenye vidimbwi, maji yakawa tope la kinyesi, na samaki hukosa hewa.

Fanya hivi: weka beseni la maji karibu na mizinga, utie vijiti nyuki watue, wasizame. Usikombe asali yote (najua bei inatamanisha). Visiki usiving'oe wala kuvichoma. Mti wa mtundu, ndugu wa myombo, huchipua wenyewe ukiuachia. Matuta yakinge mteremko. Kisima usikichimbe zaidi kwanza, rudisha vichaka kwenye mteremko ulio juu yake.