Mgeni wa blogu hapiti mlango wa mbele

SWALI: Habari za kazi, kaka. Natembeza wageni hapa Bagamoyo na nina blogu ya historia ya mji: Kaole, Ngome Kongwe, misheni, Caravan Serai. Wanaoifungua ni wengi, hesabu naiona. Lakini bado wananipigia simu kuuliza Kaole ni mbali kiasi gani na inafikiwaje, na yote hayo nimeyaandika humo humo. Nakosea wapi?

JIBU: Njema, dada. Kuandika hujakosea. Nimeifungua kwa simu nikiwa barazani hapa Ngamiani, Tanga, nikajifanya mtu asiyewahi kulisikia jina la Kaole. Nilipotea mara mbili.

Umeijenga blogu kama nyumba yenye mlango mmoja. Ukurasa wa mwanzo umeupamba vizuri, maneno yote ya kukaribisha yako pale, na maelezo yote ya wewe ni nani. Basi mgeni hapiti pale. Katumiwa kiungo na mwenzake WhatsApp, au katafuta Google, akatumbukia katikati ya chumba. Makala yako ya Kaole inaanza hivi: “Kama nilivyoeleza wiki iliyopita.” Wiki ipi? Yeye ndiyo kwanza kafika.

Kwa hiyo kila makala iwe na baraza yake. Chini ya jina la blogu, katika kila ukurasa, weka mstari mmoja unaosema blogu ni ya nini na inaandikwa na nani. Kisha aya ya kwanza ijibu yale wanayokupigia simu: magofu ya mji wa kale wa Waswahili, msikiti wake ni wa karne ya 13, kilomita kama 5 kusini mwa Bagamoyo mjini, usafiri ni huu. Ukishamaliza hayo, simulia upendavyo, hata kwa kurasa kumi.

Halafu menyu. Maelezo ya usafiri na nauli umeyaweka chini ya neno “Bwaga Moyo”. Kwa mwenyeji ni tamu, nami nilicheka. Mgeni hajui kama hilo ni shairi, historia au nyumba ya kulala wageni. Liite “Jinsi ya kufika”. Na usiifiche menyu nyuma ya vile vistari vitatu peke yake. Andika neno “Menyu” pembeni yake. Mimi mwenyewe niliwahi kumtengenezea mteja ukurasa wa alama tupu, bila neno hata moja, nikajiona fundi kweli kweli. Mama mmoja akaniuliza kile kijumba ni cha kuuza viwanja. Kilikuwa kitufe cha kurudi mwanzo.

Nauli na viingilio hubadilika, hivyo andika tarehe ya mara ya mwisho ulipohakiki.

Picha zako ni nzuri ila nzito. Ile ya jahazi ina megabaiti 4, na mgeni anatumia bando. Ipunguze upana hadi pikseli 1200 au chini ya hapo, uihifadhi katika muundo wa JPEG au WebP. Mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 200, na kwenye simu hakuna atakayeona tofauti. Pia umeandika kichwa cha habari kwa rangi nyeupe juu ya anga jeupe. Kipimo kinachokubalika kwa maandishi ya kawaida ni tofauti ya mng'ao kati ya maandishi na kilicho nyuma yake isiyopungua 4.5 kwa 1, na programu za kukipima ziko bure mtandaoni. Maandishi ya makala yasiwe chini ya pikseli 16.

Kitufe chako cha WhatsApp nimekibonyeza kikagoma. Katika kiungo cha wa.me, kile kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp, namba huanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala ile sifuri ya mbele. Wewe hukuiondoa sifuri.

Ukimaliza, ijaribu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kufanya tovuti ziwe rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mpe mmoja mmoja simu, mwambie: “Tafuta namna ya kufika Kaole.” Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu, maana mkono utakuwasha umwonyeshe. Akikuuliza, usijibu, andika alipokwama. Ila usiwachukue bodaboda wanaokuletea wageni. Wao njia wanaijua.