Mwanangu Koku, hao ndio wenzangu wa bwenini

Mwanangu Koku,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliupata. Unasema tangu harusi ya binamu yako una swali moja la moyoni: ulituona mimi na wale wanawake watatu tumejibanza kona, tunacheka mpaka kanga zinatudondoka, na ulipotega sikio ukasikia tunasimulia foleni, njaa na kugawana sabuni. Ukaniuliza, "Mama, vitabuni miaka ile baada ya Vita vya Kagera ni miaka ya dhiki tupu. Nyinyi mlikuwa mnacheka nini?"

Tulikuwa tunachekana sisi kwa sisi, mwanangu. Ngoja nikutambulishe wale watu mmoja mmoja.

Kampala ilianguka Aprili 1979, sisi tukaanza kidato cha kwanza mwaka 1980. Mwalimu Nyerere alikuwa ameomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikaisha, mikanda ikabaki imefungwa. Vita vilikula fedha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mafuta yakapanda bei duniani, na mvua nayo kuna miaka ikatunyima. Hayo umeyasoma, siyarudii.

Yule mrefu mwenye miwani, uliyempisha kiti, ndiye Saba Saba. Kwao ni ng'ambo ya mto Kagera, upande ule askari wa Amin walioingia Oktoba 1978. Familia yao ilikimbia na mbuzi wawili na godoro, wakavuka mto, na shule ikampita. Kwa hiyo alipofika kidato cha kwanza alikuwa mtu mzima kuliko sisi sote, na alikuwa na kimo chake hicho hicho. Siku ya kuripoti mwalimu mmoja mgeni alimpokea kwa heshima zote, "Karibu mama, umemleta mwanao?" Naye akajibu kwa upole, "Nimejileta mwenyewe."

Jina alilipata siku ya radi. Unaijua mvua ya Bukoba. Tulikuwa bwaloni tunakunywa uji, ikapiga radi moja iliyotikisa mabati, wasichana wazima wakaingia chini ya meza. Yeye hakuinua hata kichwa. Akasema, "Hiyo ni mvua. Saba Saba haipigi moja ikanyamaza, zinafuatana. Kunyweni uji." Saba Saba ni ile mizinga ya roketi ya jeshi letu, na jina hilo ililipata huko huko vitani. Tangu siku hiyo kila radi ikipiga tulimgeukia kwanza yeye, tuone uso wake, ndipo tuamue kama tunaogopa.

Alikuwa na desturi moja. Kila usiku kabla ya kulala alipanga viatu vyake chini ya kitanda, vidole vikielekea mlangoni, na mfukoni mwa sketi aliweka tonge la ugali lililofungwa kwenye karatasi ya daftari. Mwanzoni tulimcheka. Hakukasirika, na hakueleza. Kidato cha pili, usiku mmoja nikaamka kwenda msalani na taa ya chemli, nikamulika chini: bweni zima viatu vimeelekea mlangoni, na vyangu vikiwemo.

Wa pili ni yule mweupe wa baibui, wa Lindi. Wakati ule serikali ilikuwa inatuchanganya, mtoto wa pwani anapelekwa ziwani na wa ziwani anapelekwa kusini, na kwa hilo nitaisifu mpaka naingia kaburini. Alifika na meli kutoka Mwanza, amevaa kandambili, anatetemeka kwa baridi, anauliza nazi zinauzwa wapi.

Novemba senene wakashuka. Unajua mila zetu: mwanamke ndiye aliyekwenda alfajiri kuwaokota wakiwa bado wamelowa umande, akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, kisha akampelekea mumewe. Yeye mwenyewe hali. Bibi yako alifanya hivyo maisha yake yote. Basi sisi watoto wa Kihaya tukaenda uwanja wa mpira na mabakuli, tukaokota, tukanyonyoa, tukakaanga jikoni kwa mpishi wakatoa mafuta yao wenyewe, harufu imejaa mpaka bwenini. Halafu tukakaa tunaangaliana. Hakuna mwanamume wa kumpelekea, na hakuna aliyethubutu kutia mkono.

Mtoto wa Lindi akasogea, akauliza wale ni wadudu gani. Tukamwambia ni jamii ya panzi na nzige. Akasema, "Nzige halali. Chuoni tulifundishwa, hata kuchinja hachinjwi." Akavuta bakuli. Akala mmoja, akatafuna taratibu, akatazama juu kama anayesikiliza kitu. Akala wa pili. Akaanza kula kwa konzi. Sisi tumemzunguka tunasubiri kitakachomtokea. Bakuli lilipofika nusu, Saba Saba ndiye aliyesema, "Mbona hafi?" Mikono ikaingia yote pamoja, mwanangu, bakuli likapinduka tukaokota sakafuni. Hiyo ndiyo siku mama yako alionja senene, na anayestahili shukrani ni msichana wa pwani aliyeijua dini yake. Hadithi hii bibi yako hakuwahi kuambiwa.

Halafu kuna Redio, ambaye hukumwona kwa sababu alikuwa na mgonjwa. Alikuwa na redio ndogo ya kaka yake, lakini betri hazikupatikana. Mchana aliziweka dirishani zipigwe jua, usiku zikampa dakika chache za Radio Tanzania kisha sauti ikafifia. Hapo sasa ndipo alipoanza kazi. Pale mtangazaji alipokatikia yeye alidaka, kwa sauti ile ile, bila kupumua. Mpira wa Simba na Yanga aliutangaza gizani kama Ahmed Jongo, akitaja wachezaji, kona, kelele za mashabiki, hadi dakika ya mwisho. Tulishangilia mabao ambayo hayakufungwa popote duniani. Mara nyingine kiranja alikuja kutunyamazisha, akaishia kukaa ukingoni mwa kitanda akiuliza matokeo.

Yeye Simba damu. Ulipoletwa ule unga wa njano wa msaada, ambao nchi nzima iliuita unga wa Yanga, alisimama bwaloni akatangaza kwamba hawezi kula timu pinzani. Alilala njaa. Asubuhi tulimkuta nyuma ya jiko na mpishi, anamalizia ukoko.

Sasa RTC, yule mfupi aliyekuwa anacheza mpaka mpiga muziki akamwomba apumzike. Tulimpa jina la kampuni ya biashara ya mkoa kwa sababu sanduku lake la bati lilikuwa na vitu ambavyo maduka hayakuwa navyo. Sisi wengine tulifulia majani ya mpapai. Yeye alikuwa na mche mzima wa sabuni, na aliukata kwa uzi: anazungusha uzi mara moja, anavuta ncha mbili, kipande kinadondoka kimenyooka. Alikukopesha, akaandika kwenye daftari, jina, kipande, na utakacholipa.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Redio akatusomea habari, kwa sauti ya mtangazaji, kwamba walioficha bidhaa wanakamatwa, na wengine wanazitupa usiku porini na mitoni. RTC alinyamaza. Usiku wa manane tukasikia kufuli, moja, kisha la pili. Akatuamsha wote. Akatoa sabuni, viberiti, sukari, na chini kabisa, limefungwa kwenye kanga, kopo la Kimbo, yale mafuta mazito ya kupikia. Kimbo ya Kenya, na mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977! Analia, "Chukueni, Sokoine akija asikute kitu."

Tukamsaidia kwa moyo wote. Sukari tuliilamba pale pale. Ile Kimbo hatukuwa na cha kukaangia, na ngozi zetu zilikuwa zimepauka kwa miezi, basi tukajipaka. Miguu, mikono, uso. Asubuhi mstarini bweni letu lilisimama linang'aa jua likituchoma, nzi wanatufuata. Mkuu wa shule alipita taratibu mbele yetu akitazama miguu, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa RTC. Akamwangalia sana. Akasema, "Leo mmependeza," akaenda zake. Tulijizuia mpaka wimbo wa taifa ulipoisha.

RTC anakuja Dar wiki ijayo kumwona mjukuu wake, na nimempa namba yako. Mwite mama mdogo, usimwite RTC mpaka mwenyewe akuruhusu. Lile daftari analo hadi leo, na atakuonyesha ukurasa ambapo nadaiwa vijiko viwili vya sukari. Mnunulie kilo.

Mama yako