Kampuni ya dalali ina uzito gani unapouza nyumba? Yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama kampuni aliyopo dalali ina maana yoyote unapouza nyumba, au mtu aangalie dalali mwenyewe tu. Nimeingia kwenye kuuza nyumba mara mbili, mara ya kwanza kupitia kampuni kubwa yenye jina, mara ya pili kupitia ofisi ya watu wanne. Kwangu mimi, dalali ndiye anayeuza. Ila mkataba unaufunga na kampuni, na hapo ndipo nilipoumia.

Dalali wangu wa kwanza alikuwa mchapakazi kwelikweli. Wiki ya sita akahamia kampuni nyingine. Nikasema moyoni, namfuata huko huko. Kumbe kazi ya kuuza nyumba ilikuwa imeandikwa kwa kampuni, si kwake, na mkataba ulikuwa wa miezi sita bila ruhusa ya kumpa mwingine. Nikakabidhiwa kijana ambaye hata mlango wa nyuma hakujua unafunguka vipi. Alipiga picha mpya jioni, pazia zimefungwa, sebule ikatoka kama stoo. Miezi iliyobaki waliokuja kuangalia ni wawili tu. Nilisubiri mkataba uishe ndipo nikatoka.

Kwa hiyo kabla ya saini, dai kiandikwe kifungu hiki: dalali niliyemchagua akiondoka, nina haki ya kuvunja mkataba bila kulipa chochote. Na muda uwe miezi mitatu. Ofisi ya pili walikubali yote mawili bila kusitasita.

Jina la kampuni halikuniletea wateja. Watu wanatafuta nyumba mtandaoni kwa eneo, bei, idadi ya vyumba na picha. Kati ya wote waliokuja kuangalia, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nauza kupitia nani. Dalali wa ile ofisi ndogo alifika na orodha ya nyumba jirani na bei zilizouzwa kweli, si zile zinazotangazwa, akaniambia usoni kwamba bei yangu iko juu. Iliniuma, lakini nikashusha, na nyumba ikaondoka.

Kampuni kubwa ina jambo jingine la kuangalia. Kwa kuwa ina madalali wengi, mnunuzi anaweza kuletwa na dalali mwenzake dalali wako, wa ofisi hiyo hiyo, kamisheni yote ikabaki ndani. Uliza mapema wakiwa pande zote mbili watamtetea nani, na bei yako ya mwisho kabisa usiitaje mpaka ujibiwe. Uliza pia arubuni ya mnunuzi inakaa akaunti gani. Iwe akaunti ya fedha za wateja, isichanganywe na pesa za kuendeshea ofisi.

Kamisheni nayo dalali hali peke yake, anagawana na kampuni. Ukimwomba apunguze akasema mpaka amuulize bosi, mara nyingi ni kweli. Omba kuongea na huyo bosi mwenyewe. Mimi nilifanya hivyo mara ya pili, tukamalizana kwa simu moja.