Mtoto wa miaka miwili na tufaha moja tu: michezo ninayofanya na wangu nyumbani

Dada uliyeuliza umfanyie nini mtoto wa miaka miwili ajifunze kupitia tufaha, ukasema ulimprintia kadi za rangi na herufi akazitafuna halafu akakimbia, naomba nikujibu kwa kirefu kidogo manake haya mambo nayapenda sana na nimeyafanya na wanangu wawili, huyu wa pili ndo yuko umri huohuo wa wako.

Zile kadi weka kabatini, zitakuja kukufaa akifika miaka minne huko. Kwa sasa picha ya tufaha kwake ni karatasi tu, ila tufaha lenyewe lina uzito, lina ubaridi, linateleza mkononi, linanukia, likidondoka linabingirika hadi chini ya kochi na yeye analifuata. Mi nachukua tufaha moja la kweli, au mawili matatu yakiwepo ya rangi tofauti, na hilo ndo somo zima la siku. Tunalimaliza kidogo kidogo kuanzia kuosha mpaka kula.

Kuosha usimfanyie, mwache aoshe mwenyewe. Weka maji kidogo kwenye beseni, mpe kitambaa, atasugua weee mpaka uchoke kumwangalia. Hapohapo unapata mchezo wa pili bila kujiandaa, kwa sababu tufaha linaelea, karibu robo ya ujazo wake ni hewa iliyojificha kwenye nyama yake. Mpe na kiazi na kijiko cha chuma avitumbukize, hivyo vinazama. Wa kwangu hulikandamiza tufaha kwa viganja vyote viwili hadi liguse chini kabisa, akiachia linaruka juu linamrushia maji usoni, anakaa kimya kidogo analitazama halafu anasema "tena". Usianze kumweleza habari za hewa, we sema tu "kiazi kimezama, tufaha linaelea", rudia kila akifanya, baada ya muda utamsikia anasema mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Lakini dada, kwenye maji usiondoke hata kidogo, hata kama ni kwenda kupokea simu chumba cha pili, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, mkimaliza mwaga maji yote palepale.

Kinachofuata ni kukata, na kisu ni chako wewe. Usikate kuanzia kwenye kikonyo kwenda chini kama tulivyozoea, lilaze tufaha ubavu ukate katikati kwa upana. Ukilifungua hivyo utaona nyota katikati, ina vyumba vitano na ndani yake mbegu. Usimwonyeshe haraka, shika vipande viwili bado vimeshikana, muulize "ndani kuna nini?", ndo ufungue. Wangu huingiza kidole cha shahada kwenye kachumba kamoja, anachokonoa mpaka mbegu inachomoka, anaishika kwa ncha ya kidole na dole gumba anaiweka kwenye bakuli kwa umakini ambao kwenye kadi humuoni nao hata dakika moja. Huko kushika kitu kidogo kwa vidole viwili ndo maandalizi yenyewe ya kuja kushika kalamu, kwa hiyo usimharakishe. Mbegu mkishazitoa kusanya zote utupe, mtoto wa umri huu anaweza kuzitia puani au zikampalia, na pia zina kitu ambacho zikitafunwa kinatoa sumu ya sayanaidi. Akimeza moja mbili nzima nzima haimdhuru, usipaniki, ila zisiwe kitu cha kuchezea akiwa peke yake.

Kuhesabu mi naishia tatu. Kuna watoto wanaimba moja mpaka kumi vizuri kabisa lakini ukiwaambia leta mawili wanakuletea yote, manake wameshika wimbo tu, hawajajua hesabu. Afadhali agawe: kipande cha baba, kipande cha mama, kipande cha mtoto, kila mtu kimoja. Akiona baba hajapata akarudi kumchukulia, hapo ameelewa kitu kikubwa sana. Rangi nazo usimsumbue, taja tu wakati mnacheza, "hili la kijani, lile jekundu", mpe mabakuli mawili atenganishe akitaka. Watoto wengi wanazitaja sawasawa wakiwa na miaka mitatu hadi minne hivi.

Kupiga mihuri ya rangi ndo watu wengi wanalalamika inatoka uchafu tupu, na shida huwa ni utomvu wa tufaha. Nusu ile uliyokata ifute uso wake kwa kitambaa kikavu, ikiwa na majimaji rangi inateleza na nyota haionekani. Rangi usimwagie kwenye sahani ikajaa, lowesha kitambaa kilichokunjwa au sponji, achovye hapo. Kule nyuma ya tufaha kata vishimo viwili apate pa kushikia, mkono wa mtoto unateleza kwenye ganda. Karatasi ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi isihame. Muhuri wa kwanza atausukuma kama anapaka, wewe chukua nusu nyingine ukandamize, inua, nyamaza, atakuiga. Tumia rangi za watoto zisizo na sumu, na tufaha la rangi liwe mbali na la kula kwa sababu lazima ataling'ata. Kama wako hapendi mikono ichafuke mpe brashi apake ule uso wa tufaha, wewe ndo ugonge.

Kingine, kata vipande viwili, kimoja kipake ndimu au limau, kingine kiache hivyohivyo, viweke mahali anapoviona. Kile ambacho hukukipaka kitageuka kahawia kwa sababu nyama yake ikikutana na hewa inabadilika, na ile asidi ya limau inachelewesha. Mi naviweka kabla hajalala mchana, akiamka ndo tunakwenda kuangalia pamoja. Yeye haelewi sababu na wala haihitajiki, anajifunza kwamba kitu kinaweza kubadilika wakati hatukiangalii.

Halafu kula, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tufaha bichi ni gumu, mtoto wa chini ya miaka minne anaweza kukabwa na kipande, kwa hiyo likwangue kwenye kikwangulio au lichemshe lilainike, na ale amekaa, si anakimbia. Kuchemsha kwenyewe ni somo, likipoa mpe kipande kilichoiva na nusu mbichi aminye kwa kidole, "hiki laini, hiki kigumu", kisha mpe uma akiponde mwenyewe kwenye bakuli. Kuna siku wangu kakataa kula kabisa ila kakaa anaponda tu, nikamwacha aponde.

Usipange vyote siku moja. Umri huu anatulia dakika chache kwenye kitu kimoja, akinyanyuka mwache aende, kesho rudia uleule alioupenda hata kama wewe umekuchosha. Na kama kuna mwenye wa mwaka mmoja hivi anasoma hapa, ruka mihuri na mbegu kwanza, anzia na beseni na tufaha zima lililooshwa alibingirishe sakafuni.