Kabla Zege Halijamwagwa: Niliyoyaona Kwenye Kamati ya Sanamu za Uwanja wa Maji

Ukiitwa kwenye kamati ya kuchagua sanaa ya uwanja wa watoto kuchezea maji, kabla hujaonyeshwa mchoro wowote uliza kama mabomba yameshafukiwa. Sisi tuliuliza tumechelewa.

Naishi mji mmoja wa katikati ya Marekani, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Chicago. Niliombwa niingie kamatini kwa sababu mtaa ule umejaa familia zinazosema Kiswahili, nyingi zimetoka Kongo. Nikadhani kazi yenyewe ni kutazama picha na kunywa kahawa. Nilipofika, zege limeshamwagwa, vitundu vya kurushia maji vimeshapangwa, na katikati limeachwa duara tupu. "Hapo ni pa sanamu," tukaambiwa.

Tukachagua samaki mkubwa wa chuma king'aavu. Kwenye karatasi aliwapita wenzake wote. Julai ya kwanza, saa nane mchana, hakuna mtoto aliyethubutu kumgusa: alikuwa kikaango. Ubavu uliorushiwa maji ukashika ukoko mweupe wa chokaa, kama sufuria ya kuchemshia maji ya kisima. Jioni alipopoa, watoto wakampanda, ingawa hakutengenezwa kupandwa. Hilo lisikushangaze. Weka kitu chochote kwenye maji, kiwe nyangumi au jiwe la falsafa, mtoto atakipanda.

Baada ya aibu hiyo nilikwenda Chicago kuangalia wenzetu walifanyaje. Pale Millennium Park kuna Crown Fountain, kazi ya Jaume Plensa wa Barcelona, iliyofunguliwa Julai 2004. Ni minara miwili ya matofali ya vioo, kila mmoja una urefu wa mita kama 15, inatazamana. Kwenye vioo zinapita nyuso za wakazi wa jiji wapatao 1,000, zinakonyeza, zinatabasamu, halafu zinabinua midomo na maji yanaruka kutoka kinywani. Chini ni jiwe jeusi lenye maji membamba yasiyofika hata kifundo cha mguu. Nilikaa pale mchana mzima. Hakuna cha kupanda, hakuna kona ya kugonga kichwa, na watoto wanapiga kelele kila mdomo unapoanza kubinuka. Kazi ile iligharimu dola milioni 17 hivi. Sisi hata vumbi la fedha hizo hatukuwa nalo. Lakini wazo lake halihitaji milioni. Msanii alianza na maji, akayafanya ndiyo sanaa yenyewe. Sisi tulianza na bomba, kisha tukatafuta pambo.

Mwezi uleule wa Julai 2004, London nao walifungua chemchemi ya kumkumbuka Binti Mfalme Diana ndani ya bustani ya Hyde Park, iliyobuniwa na Kathryn Gustafson. Ni mviringo wa vipande 545 vya matale, maji yakishuka pande mbili. Haikumaliza mwezi, ikafungwa baada ya watu kuteleza na kuumia. Ilipofunguliwa tena ilikuwa na uzio na masharti: keti ukingoni, lowesha miguu, usitembee ndani. Nzuri ni nzuri, lakini umati ulikuja na nia yake. Kwa hiyo jiwe lolote utakaloletewa, limwagie maji na sabuni, kisha livulie viatu ulikanyage mwenyewe kabla ya kusaini.

Kuna na lile la afya, ambalo kwetu msanii hakuambiwa kabisa. Maji ya viwanja hivi mara nyingi ni yaleyale, yanakwenda tangini, yanachujwa, yanarudi. Kiangazi cha 2005, kwenye uwanja wa maji karibu na Geneva, jimbo la New York, watu zaidi ya 3,000 waliugua matumbo kwa kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, ambacho klorini hakiogopi sana. Tangu hapo waangalizi wamekuwa wakali, na mionzi ya urujuanimno ikaongezwa kwenye mitambo. Sanamu ikishakaa pale, inakuwa sehemu ya mtambo huo: rangi inayobanduka inaishia kwenye chujio, tundu linalotuamisha maji linaota uchafu. Klorini inakula hata chuma tunachokiita kisichoshika kutu. Mafundi watakwambia utake chuma cha daraja la 316, kinachoistahimili klorini zaidi. Na nafasi zote zipimwe. Miongozo ya viwanja vya watoto ya Marekani inakataza uwazi wa kati ya inchi 3.5 na inchi 9, maana hapo ndipo kichwa cha mtoto hunasa.

Haya yote aliyajua mzee mmoja anayefungua pampu za bustani kila asubuhi. Alipoonyeshwa samaki aliuliza tu, "Huyu nitamwosha na nini?" Wakati huo samaki ameshalipiwa. Mzee wa namna hiyo akae kwenye kikao cha kwanza, na neno lake lihesabiwe.

Kuhusu wasanii: usiwaombe watu thelathini michoro kamili bure, kama tulivyofanya. Wazoefu walitupuuza. Omba picha za kazi za nyuma, chagua watatu, walipe ndipo wachore. Na mkataba useme nani anatunza, kwa fedha ipi, na kipi kinaweza kubadilishwa. Tulipotaka kumpaka samaki rangi, mwanasheria alitukumbusha sheria ya 1990: msanii anaweza kuzuia kazi yake isibadilishwe kwa namna inayoivunjia heshima sifa yake, isipokuwa awe ameiacha haki hiyo kwa maandishi. Hakuwa ameiacha.

Tulipopata fedha za awamu ya pili, mama mmoja Mkongo alisimama kikaoni akauliza, "Na bamama batakaa wapi?" Kweli, hakuna aliyechora kiti. Safari hii tulimtafuta fundi wa vigae kabla ya mchanga kushushwa. Akajenga benchi refu chini ya kivuli, limejaa vigae vilivyochorwa na watoto wa mtaa, na mfereji mdogo wa maji unapita miguuni pa wanaokaa. Samaki tulimhamisha, kwa ridhaa ya msanii wake, akawekwa chini ya mti, mbali na maji. Sasa hana moto, na wanampanda kutwa.